Piano Jikoni, Fidla Edmonton

6 Januari

Theluji tangu alfajiri. Lauchie, ndugu yangu, kapiga simu baada ya misa. Madaktari wa kule Edmonton wamemkataza kupanda ndege, mapafu hayatamudu. Kwa hiyo haji tena, si Pasaka wala kiangazi. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile anayosemea kwamba gari limegoma kuwaka. Nikampa Mama simu. Mama akasikiliza, akasema, "Haya, mwanangu," akanirudishia, akaenda kuangalia mkate kwenye oveni. Mkate ulikuwa mezani tayari, umeshakatwa.

7 Januari

Mama hakugusa chakula cha mchana. Wakati wa chai akasema kuna kitu kimoja tu anakitaka kabla Lauchie hajaondoka duniani. Anataka awasikie watoto wake wawili wakipiga pamoja humu jikoni, Lauchie fidla na mimi piano, kama tulivyokuwa tukifanya kila kiangazi alipokuja likizo.

"Mama, Lauchie yuko upande wa pili wa nchi."

"Kwani Joan haongei na wajukuu wake kwenye kompyuta? Wanaonana, wanacheka, wanatukanana. Nyinyi mnashindwa nini?"

Mama ana miaka tisini. Ukimwambia jambo haliwezekani anakutazama kana kwamba umefanya uvivu tu. Nimempigia Joan.

13 Januari

Joan Beaton, jirani yetu, alifanya kazi kampuni ya simu mpaka akastaafu, na hana subira na watu wasiojua kuchomeka waya. Leo kaweka kompyuta juu ya piano, tukampata Lauchie nyumbani kwa binti yake Maura. Amekaa kitandani, mpira wa oksijeni puani, fidla kifuani. Amekonda. Nilijiandaa kumwona amekonda, bado nikashtuka.

Akaanza kupiga. Tukasikia noti mbili, kisha kimya, kisha mkwaruzo mdogo kama panya darini, kisha kimya tena. Mkono wake unakwenda, upinde unakwenda, sauti hakuna. Joan akacheka mpaka akavua miwani. Hizi programu za kuongelea, kasema, zimefundishwa kutambua sauti ya mtu na kufuta kelele nyinginezo, kama feni au mbwa. Fidla ikishikilia sauti moja ndefu, programu inaona ni kelele, inaifuta.

"Lauchie," nikamwambia, "kompyuta inasema wewe ni kelele."

"Imechelewa. Padri alishasema hivyo nikiwa na miaka kumi na mbili."

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake kando ya jiko, mikono mapajani, anasubiri muziki.

16 Januari

Joan kaleta waya mrefu wa njano, kaupitisha ukumbini mpaka jikoni. Anasema mawimbi ya hewani si ya kuaminika kwa kazi hii. Nimejikwaa mara mbili.

20 Januari

Programu mpya, ya wanamuziki, haifuti kitu. Sasa fidla inakuja yote, lakini ina matundu. Inakatika, inapasuka kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji. Joan kanieleza, na safari hii nikaelewa. Sauti inakatwa vipande vidogo sana, kila kipande kinasafiri chenyewe. Vingine vinafika mapema, vingine vinachelewa, vingine vinapotea kabisa. Kwa hiyo huku mwisho mashine inabidi ingoje kidogo, kama padri anavyongoja watu wa nyuma waketi ndipo aanze. Ikingoja sana, sauti inakuja safi ila imechelewa. Isipongoja, inakuja mapema ila imejaa matundu.

"Basi ingoje vya kutosha halafu iwahi," nikasema.

"Sadie, ndicho wanachotaka wote. Hakuna."

Tukachagua kungoja kidogo. Matundu yakapungua. Tukaanza rili ya babu, ule wimbo wa dansi usio na jina, kwa mwendo wake wa kuchezeka. Mara ya pili kuirudia ilikuwa inatembea. Mara ya tatu ilikuwa inaburura miguu. Mwisho tukasimama wote wawili katikati, kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi.

"Unaburuta, dada," kasema Lauchie.

"Mimi? Wewe ndiye unayeburuta."

Mama akauliza kama huo ulikuwa wimbo wa mazishi.

27 Januari

Dhoruba. Umeme hakuna toka jana. Hatukupiga.

3 Februari

Yale yale. Tumeanza kwa kasi, tumezama. Safari hii tumegombana kweli, mimi nikiwa na umri wa miaka sitini na tatu, yeye mgonjwa, tunalaumiana kama watoto kwenye ngazi za kanisa. Joan akatupigia meza.

"Sikilizeni. Lauchie anakusikia umechelewa, anapunguza mwendo akungoje. Huko kupunguza kwake nako kunakufikia kumechelewa, wewe unapunguza zaidi umngoje. Kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Ndiyo maana mnakufa."

Nikamuuliza kama kuna waya wa kununua. Akasema hapana. Sauti inasafiri upesi sana lakini haifiki papo hapo, na Edmonton ni mbali. Hata ukiondoa mashine zote, umbali utabaki.

Mama akaenda kulala mchana, kitu asichokifanya. Nimeosha vyombo kwa hasira.

10 Februari

Leo imekubali.

Sijui kilichotokea. Lauchie aligonga mguu mara nne, akaingia, na hakungoja mtu. Alikwenda. Mimi nikafanya ninachokijua maisha yangu yote, nikakaa chini ya fidla, nikaifuata. Huku kwetu piano haiongozi. Fidla ndiyo yenye wimbo, piano inaiwekea sakafu ya kukanyaga. Rili tatu mfululizo, safi, zimeshikana, jikoni kumejaa. Mguu wa Mama ukaanza kugonga. Kisha mguu wa pili. Tangu Januari sijaona uso ule. Joan alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi, akashindwa kuondoka.

"Umeonaje?" nikamwuliza Lauchie tulipomaliza.

"Safi. Na Mama?"

Nikageuza kompyuta amwone Mama. Akatabasamu, akakohoa kwa muda mrefu, Maura akafunga picha.

17 Februari

Safi tena. Mama alivaa sweta yake ya Jumapili kwa ajili ya hilo.

Lakini kuna jambo linaniwasha. Lauchie haningoji hata kidogo. Nikichelewa kuingia, huyo ameshakwenda. Nikitia nakshi katikati, haijibu, wakati zamani nikimpa kitu alikuwa ananigeukia na kunirudishia. Anapiga kana kwamba sipo. Na ndivyo alivyo siku zote. Alikwenda magharibi, akaja kila Julai na fidla yake, watu wakamwagika kumlaki, akaondoka Agosti. Nani anamfulia Mama? Nani anamshika mkono kwenye barafu mpaka garini? Hapana, nisianze. Ni mgonjwa.

19 Februari

Mvua juu ya theluji. Mama kaanguka ukumbini, hakuumia. Nimeondoa waya wa njano, Joan ataurudisha siku za muziki tu.

24 Februari

Leo nimefanya kitu cha kijinga, au cha busara, sijui.

Rili ya pili, katikati, nikainua mikono kutoka kwenye piano. Nikaiacha hewani. Mama akanitazama, Joan akanitazama. Fidla ikaendelea mbele kwa mbele, haikutetereka, haikuuliza kulikoni. Nikakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Wa tatu nikaupiga kama kawaida.

Kisha nikasema kwenye maikrofoni ya kompyuta, polepole, "Lauchie, umeonaje nilivyopiga ule wa pili?"

Akachelewa kujibu. Maura alimgusa bega, niliona. Akaweka kitu sikioni. "Unasemaje?"

"Ule wa pili. Umeonaje?"

"Ah, umeupiga vizuri sana, dada. Nimeusikia wote."

Nikazima. Sikuaga. Joan akasema labda kulikuwa na tatizo la mtandao. Hakuna tatizo la mtandao. Ndugu yangu hanisikilizi. Anakufa, na hata katika kufa anapiga peke yake, mimi ni wa kujaza nafasi. Nimekata vitunguu vya supu mpaka nikajikata kidole. Mama akasema, "Kwa nini uliacha kupiga?" Nikamwambia mkono uliniuma.

25 Februari

Nimempigia Maura akiwa kazini. Nilikuwa nimejipanga kumpa maneno yake.

"Maura, baba yako ananidharau, au masikio yamekwisha?"

Nikasikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Shangazi, aliniapisha nisikwambie."

"Sema."

"Anavua vile vya masikioni. Mnapoanza tu, anavivua, anaviweka kwenye blanketi. Hakusikii hata kidogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu akikusikia, unamfikia umechelewa, naye hawezi kujizuia kukungoja. Alijaribu kila siku wiki nzima kwa kupiga na kile kifaa cha kuhesabu mdundo, akashindwa. Akasema muziki utakuwa sawa mahali pamoja tu, kwako au kwake. Akasema iwe huko aliko Bibi."

Nilikuwa nimesimama karibu na friji. Nikakaa kwenye kiti cha Mama.

"Kwa hiyo kila Jumapili anapiga akiwa peke yake chumbani?"

"Anapiga kwenye kimya, Shangazi. Akimaliza ananiuliza kitu kimoja tu, kama Bibi alikuwa anagonga mguu."

Sikumpa maneno yake. Nikamwuliza kuhusu dawa, kuhusu hali ya hewa, nikakata simu.

3 Machi

Tumepiga. Mama kafurahi. Mimi sikuweza kutazama kompyuta, niliangalia vibonye vya piano tu. Nilimwona mara moja, mwishoni, anatafuta vile vya masikioni kwenye blanketi kwa kupapasa.

5 Machi

Nimemwambia Joan kila kitu. Akavua miwani akaisafisha, akairudisha, akaivua tena. Alisema ni kweli, hakuna njia ya tatu. Anayefuata ndiye anayesikia sawa. Anayeongoza hana budi awe kiziwi. Akapendekeza anase muziki wa jikoni Jumapili na kumtumia Lauchie ausikilize baadaye. Nikaona wazo zuri, kwa kweli nikapumua. Ule wa Jumapili iliyopita alikuwa ameunasa tayari, ameutuma leo hii hii.

6 Machi

Lauchie kajibu kupitia Maura. Anashukuru. Anasema rekodi anazo kabati zima na nyingine ni zetu.

10 Machi

Leo sikungoja muziki. Mama alikuwa bado anavaa. Nikamwambia Lauchie avae vile vya masikioni na asivivue.

"Maura kakwambia," akasema.

"Kaniambia."

"Ana mdomo kama mama yake, Mungu amrehemu." Akapumua mara kadhaa. Siku hizi kila sentensi ina kituo katikati. "Basi yameisha. Mama anafurahi, acha."

"Mimi nimefurahia wiki nne za muziki wako, nikakuwazia mabaya. Nilikuona una majivuno."

"Ninayo."

"Sikiliza, wewe. Jumapili ijayo tunageuza. Mimi naongoza. Joan atazima sauti yako huku, sitakusikia. Wewe utanisikia, utanifuata, kwako itakuwa sawa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Maura akaja na glasi. Tukangoja.

"Piano haiongozi," akasema mwisho.

"Itaongoza."

"Na Mama je? Atasikia nini? Piano peke yake haina hata wimbo. Atakaa pale anasikia sakafu tupu."

"Mama ameshasikia Jumapili nne. Wewe hujasikia hata moja."

Akaivuta fidla karibu na kifua.

"Sadie," akasema, "sikuwa na haja ya kusikia. Haja yangu ni kupiga fidla nikiwa na piano ya mtu chini yangu. Humu ndani nimekuwa kama ninayepigia ukuta." Kisha akasema, "Sawa. Geuza."

Alipiga rili moja tu leo, Mama akaisikia yote. Mkono wa upinde umechoka.

12 Machi

Nimemweleza Mama. Nilidhani atasema mpe mwanangu, atalia kidogo, tutakumbatiana. Amekasirika.

"Yaani nikae hapa nisikie tom, tom, tom ya piano, mwanangu anapiga na mimi simsikii?"

"Mara moja tu, Mama."

"Mara moja. Unajua amebakiwa na mara ngapi?"

Sijui kama ninachofanya ni haki. Ninampokonya mama wa miaka tisini kitu cha mwisho alichoomba, na ninampa mtu mwingine. Nimekuwa nikiliwaza suala hilo chooni, dukani, kitandani. Kila nikimwonea huruma mmoja, namwona wa pili.

14 Machi

Nimefanya mazoezi ya kuongoza. Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Mkono unangoja fidla ambayo haipo. Joan kasimama nyuma yangu anahesabu kwa kugonga kijiko kwenye sufuria, na kila nikilegea ananigonga begani. Lauchie kachagua rili tatu, kila moja mara mbili, bila kusimama.

Mama hasemi nami ila kwa mambo ya chumvi na pazia.

17 Machi

Lauchie hakuweza. Maura anasema alilala mchana kutwa. Barafu ya baharini imesogea mpaka ufukweni, kijivu kila mahali, huwezi kujua maji yanaanzia wapi.

20 Machi

Anakula kidogo. Maura anasema amemwomba amweke karibu na dirisha na aupake upinde ulimbo mkavu.

24 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Saa nane mchana tuliwaona. Maura alikuwa amemwegemeza kwenye mito mitatu. Fidla ilionekana kubwa kuliko yeye. Vile vya masikioni alikuwa navyo, akavigusa kunionyesha kwamba viko. Joan akazima sauti ya kule. Jikoni kukawa kimya, jiko tu linanguruma. Mama kwenye kiti chake, amekunja uso.

Nikagonga mguu mara nne, nikaingia.

Sina namna ya kueleza jinsi inavyokuwa mpweke. Upigaji wetu wa piano ni wa kumshikilia mtu mwingine. Besi kwa mkono wa kushoto, kisha mkono wa kulia, besi, mkono wa kulia, na juu yake hakuna kitu. Nilijilazimisha nisitazame kompyuta, maana picha nayo inachelewa na ingenivuta. Rili ya kwanza niliimaliza na jasho mgongoni. Niliacha nafasi zake pale anapopenda kuvuta pumzi. Nilimpa nakshi ambazo angejibu. Sikujua kama anajibu.

Tukaingia ya pili. Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lauchie yuko wapi?"

"Anapiga, Mama," nikasema bila kugeuka.

"Mimi simsikii."

"Hata mimi simsikii. Anapiga."

Besi, mkono wa kulia. Nikamsikia akisonya. Kisha, mwanzoni mwa ile rili ya tatu, rili ya babu, Mama akaanza kuimba. Wakati wa utoto wake, katika nyumba isiyokuwa na fidla watu walichezeshwa kwa mdomo tu, kwa maneno ya Kigaeli, lugha ya wazee wetu, yasiyo na maana kubwa, ya kukimbiza ulimi. Sikujua kama bado anayo pumzi hiyo. Sauti yake imechakaa, imepasuka juu, lakini mwendo, mwendo ulikuwa imara kama msumari. Akaukalia wimbo moja kwa moja juu ya mikono yangu. Nikatikisa kichwa kumnyamazisha, nikiogopa atamchanganya Lauchie, maikrofoni ilikuwa hapo hapo kwenye piano. Hakunijali. "Piano tupu siivumilii," akasema kati ya mistari, na akaendelea.

Basi tukaenda hivyo, mimi na Mama, mara ya kwanza na mara ya pili. Mwishoni nikafunga kwa noti ya chini, nikatazama kompyuta. Lauchie alikuwa amefumba macho. Maura akapunga mkono, picha ikazimwa.

Joan analia kwenye koti lake. Mama kaomba chai.

27 Machi

Lauchie amefariki leo asubuhi. Mama yuko chumbani kwake.

31 Machi

Maura kapiga simu. Wataleta majivu Julai. Tuliongea habari za padri na za nguo zake, kisha nikamwuliza kile nilichokuwa nakiogopa wiki nzima.

"Siku ile. Ilishikana?"

"Ilishikana, Shangazi. Rili ya kwanza na ya pili. Sijamwona hivyo tangu augue. Alikuwa anakujibu kila mahali. Alisema, 'Huyo hapo, yuko chini yangu.' "

"Na ya tatu?"

"Ya tatu hakuipiga. Bibi alipoanza kuimba, aliteremsha upinde. Aliuweka kwenye blanketi, akasikiliza mpaka mwisho. Nilitaka kuwaita niwaambie, akanishika mkono. Akasema, 'Usiwaambie nimeacha. Watasimama.' "